Methadoni au soba hausi? Ulinganisho kwa familia yenye mtu anayetumia unga

Familia nyingi za pwani zikigundua kwamba mtu wao anakula unga, yaani heroini, huitisha kikao, na kikao hicho huamua haraka. Mjomba anasema apelekwe soba hausi, nyumba ambamo waraibu huishi pamoja ili waache, kwani kijana wa jirani alikwenda akarudi amenawiri. Shangazi amesikia kwamba methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, hutolewa bure hospitali. Mwingine anataka apelekwe kwa shehe akasomewe, au kwa mchungaji akaombewe. Wote wanampenda, na wote wamechoka kuibiwa simu na sufuria. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya kikao hicho, ili waliokaa wajue kila njia inafanya nini mwilini, inataka nini kwa familia, na ni wakati gani mtu anaweza kufa akiwa ndani yake au akitoka. Hilo la mwisho nalipa uzito kuliko yote, kwa sababu ndilo nisilolisikia kwenye vikao.

Kwanza jueni anatumia nini

Methadoni hutibu uraibu wa dawa za jamii ya afyuni tu: heroini, mofini, pethidini na nyingine za ukoo huo. Pombe haiitibu, wala bangi, mirungi, kokeini au vidonge vya usingizi. Kama shida ya ndugu yenu ni gongo, basi nusu ya makala hii haiwahusu, na soba ndiyo njia mtakayokuwa mnaifikiria. Lakini mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege, akaweweseka, akafa. Apite hospitali kwanza, ndipo aende soba. Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, ikiwa ya heroini inatisha zaidi kwa macho, ila yenyewe huua mara chache, mradi anayetapika na kuharisha apewe maji ya kutosha na awe na mtu wa kumwangalia.

Kuna pia habari ya kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga ikavutwa. Kijana anaweza kumwapia mama yake kwamba anavuta bangi tu, na kwa anavyojua yeye anasema kweli. Mtazameni asubuhi anapokosa. Makamasi, miayo isiyokwisha, jasho, tumbo la kuharisha na mifupa kuuma ni arosto ya unga. Bangi haimfanyi mtu hivyo. Kipimo cha mkojo kitamaliza ubishi.

Methadoni

Ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu. Katika miaka ya 1960, Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York wakaonyesha kwamba inaweza kumtuliza mraibu wa heroini. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa Februari 2011, ikafuata Mwananyamala 2012 na Temeke 2014. Unguja ilianza 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Baadaye huduma ikafika Dodoma, Mbeya, Mwanza, Tanga, Bagamoyo na Arusha. Kenya ilifungua kliniki hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi na Kisauni mwaka uliofuata.

Dawa hii hukalia viti vile vile vya ubongo ambavyo heroini huvikalia, lakini huingia polepole na kukaa zaidi ya saa 24. Heroini humpandisha mtu na kumshusha ndani ya saa chache, ndiyo maana anahitaji kete (kipakiti kidogo cha unga) ya asubuhi, ya mchana na ya usiku, na ndiyo maana simu zinapotea. Dozi moja ya methadoni kwa siku inaondoa arosto bila kumpa stimu, ule ulevi wa unga. Ikishafika kiwango chake, hata akijidunga unga hasikii cha maana.

Kufika kwenye kiwango hicho kunachukua muda. Huanzishwa na miligramu zisizozidi 30, kisha hupandishwa taratibu, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Wiki za mwanzo bado anasikia arosto alfajiri, na wengine bado wanaongezea kete. Familia nyingi hukata tamaa hapo, zikisema dawa haifanyi kazi. Inafanya. Kinachotakiwa ni aseme ukweli wake kwenye kliniki ili dozi ipandishwe, na daktari hawezi kuipandisha kwa pupa kwa sababu methadoni nyingi mno mwanzoni inaweza kukata pumzi. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari, hasa kwa anayechanganya na pombe au vidonge kama Valium. Kama anavitumia, mwambieni muuguzi hata kama mwenyewe anaficha.

Dawa ni bure katika kliniki za serikali, Tanzania na Kenya. Kinachogharimu ni nauli na muda, kwa kuwa kwa kawaida mtu huinywa mbele ya mhudumu kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Baadhi ya kliniki huwapa dozi ya nyumbani waliotulia kwa muda mrefu. Ulizeni masharti yao. Na dozi ya nyumbani ifungiwe kabatini, maana kiasi kinachomtosha mtu aliyezoea kinaweza kumuua mtoto.

Muda wa tiba ni mrefu. Mwaka mmoja ni mfupi, wengi hukaa miaka kadhaa, na wengine hawaachi. Wazazi wengi hawapendi kulisikia hili, na nawaelewa. Wao wanataka siku ambayo mtoto atarudi "safi". Kwa upande wangu, mtu anayeamka, anakunywa dawa yake, anakwenda gereji, anarudi na unga wa ugali badala ya unga wa maskani, kijiwe cha watumiaji, huyo nimekwisha kumhesabu kuwa amepona vya kutosha kuishi.

Mabaya yake nayasema bila kuyafunika. Choo kigumu, jasho jingi, mdomo kukauka na meno kuharibika ni malalamiko ya kawaida. Wachache hupata matatizo ya mapigo ya moyo, kwa hiyo mwenye historia ya moyo aseme. Tena kliniki humkutanisha kila asubuhi na wale wale wa maskani, na wauzaji wanajua mahali wateja wao wa zamani wanapopita. Asiye na shughuli baada ya saa tatu asubuhi atabaki anazungukazunguka hapo.

Soba hausi

Njia ya soba inatoka Marekani, kwenye mikutano ya walevi iliyoanza 1935 kwa jina la Alcoholics Anonymous, kisha Narcotics Anonymous mwaka 1953. Msingi wake ni hatua 12: kukiri kwamba uraibu umekushinda, kujikabidhi kwa nguvu iliyo kuu kuliko wewe, kujichunguza, kuwaomba radhi uliowaumiza, na kumshika mkono anayekuja nyuma yako. Zanzibar iliipokea mapema na kwa nguvu, na nyumba nyingi zilianzishwa na watu waliokuwa wakila unga wenyewe. Upande wa Kenya, Omari Project ya Malindi ilianza 1995, miaka mingi kabla methadoni haijafika.

Hatua hizo zimekubalika haraka kwetu kwa sababu hazimtenganishi mtu na imani yake. Mwislamu anaswali tano, Mkristo anakwenda ibada, na wote wanakaa duara moja jioni.

Ndani ya nyumba, mtu hupitia arosto siku za mwanzo. Kwa unga, hupamba moto siku ya pili na ya tatu, na makali huisha ndani ya siku 10 hivi, ingawa usingizi na moyo huchelewa kutulia. Baada ya hapo kuna ratiba: kuamka mapema, usafi, vikao, kazi za mikono, kula pamoja. Wengi hukaa miezi mitatu hadi sita. Simu kwa kawaida huzuiwa mwanzoni.

Soba ina kitu ambacho kidirisha cha dawa hakikitoi. Msimamizi anayekuamsha asubuhi alikuwa maskani ile ile, alimwibia mama yake vile vile, na leo ana mke na kazi. Kijana ambaye hajawahi kumwona mtu akiacha, hapo anawaona kumi kwa pamoja. Pia inamtoa mtaani kwa muda, na familia inapata usingizi ambao imeukosa kwa miaka. Sidharau lolote kati ya hayo.

Gharama iko kwa familia, na hutofautiana sana kati ya nyumba na nyumba. Ulizeni jumla ya miezi yote, pamoja na dawa, chakula na vifaa, kabla hamjauza kitu. Nimeona familia zikilipa mwezi wa kwanza kwa mchango wa ukoo mzima, mwezi wa pili zikashindwa, mtu akatolewa katikati.

Kutolewa katikati kunanirudisha kwenye lile nililosema nalipa uzito. Mwili wa anayetumia kila siku huzoea, na kipimo kinachomtuliza yeye kingemuua mwingine. Akikaa miezi mitatu bila unga, mazoea hayo yanaondoka yote. Siku akiteleza, naye anakumbuka kiasi chake cha zamani, anajidunga kile kile, na pumzi inakata. Kwa hiyo wiki za kwanza baada ya kutoka soba, au kutoka jela, ni za hatari kuliko alipokuwa akitumia kila siku. Kuteleza ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu; wengi wanaoacha leo walishajaribu mara kadhaa. Soba isiyomfundisha kijana habari hii kabla hajatoka imemwacha bila ngao.

Kwa methadoni hali ni nyingine, kwa kuwa mwili unabaki umezoea na anayeteleza huwa na kinga kiasi. Tafiti za nchi nyingi zimekuta kwamba walioacha methadoni hufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya waliobaki kwenye tiba. Kwa hiyo naye aliye kliniki asiachishwe ghafla kwa sababu familia imeona "sasa inatosha". Kushuka ni kwa miezi mingi, na daktari ndiye anayeshusha.

Ningechagua nini

Kwa mtu anayejidunga, au aliyekula unga kwa miaka, au aliyekwisha kwenda soba akarudi maskani: methadoni kwanza, bila kusitasita. Sindano ina VVU na homa ya ini ndani yake. Uchunguzi wa Unguja mwaka 2007 ulikuta karibu mtu 1 kati ya 6 wa wanaojidunga ana VVU. Mtu asiyejidunga tena hatoi wala hapokei damu ya mwenzake, na kliniki hiyo hiyo humpima na kumwanzishia ARV.

Kwa kijana aliyeanza karibuni, anayevuta tu, mwenye familia iliyosimama na mahali tofauti pa kurudi, soba inaweza kutosha. Vivyo hivyo kwa mwenye shida ya pombe, bangi au mirungi, au anayeishi mbali na kliniki yoyote. Mvuvi anayekwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, wiki nzima hawezi kufika dirishani kila asubuhi, na kumwandikisha bila kufikiria hilo ni kumtayarishia arosto ya baharini. Huyo akazungumze kwanza na kliniki kuhusu dozi ya nyumbani, ikishindikana, soba.

Ninalolitamani ni mtu kuwa kliniki asubuhi na kwenye mkutano wa hatua 12 jioni. Hakuna kitu katika mwili kinachozuia hilo. Kinachozuia ni soba nyingi kukataa mtu wa methadoni, zikisema bado analewa. Mwenye dozi sahihi halewi: anaendesha cherehani, anasoma, anaswali akijua yuko rakaa ya ngapi. Chache zinakubali, kwa hiyo ulizeni.

Si watu wote wako sawa mbele ya njia hizi

Mjamzito anayetumia heroini asikatishwe ghafla, nyumbani wala soba, kwa kuwa arosto kali inaweza kumtoa mimba au kumzalisha mapema. Kwake methadoni ni mojawapo ya tiba zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto inayotibika hospitalini, na mama anaweza kunyonyesha. Wakunga wengine humwambia aache kwanza ndipo aje kliniki. Ushauri huo ni wa hatari na mumpeleke licha ya hayo.

Wanawake kwa jumla wamewekwa pembeni na njia zote mbili. Soba za wanawake ni chache. Kwenye kliniki, foleni imejaa wanaume, baadhi yao wakiwa ndio waliomwingiza kwenye unga au waliokuwa wakimnunua. Hana pa kumwacha mtoto, na mtaani anasemwa mara mbili ya kaka yake. Kabla hamjamlaumu binti yenu kwa kukosa siku, mulizeni nani anamsindikiza. Kama kliniki ina saa au siku ya wanawake, mwandikisheni hapo. Na kama mumewe naye anatumia, wapelekwe wote wawili, kwani mmoja akitibiwa peke yake atarudi kulala chumba kimoja na kete.

Mwenye kifua kikuu aangalie. Rifampisini, dawa kuu ya TB, humaliza methadoni mwilini haraka, na mtu aliyetulia kwa mwaka anaamka ana arosto. Familia husema ameanza tena. Daktari wa TB na wa methadoni wakizungumza, dozi inapandishwa na mambo yanatulia. Baadhi ya ARV za zamani, kama efavirenzi na nevirapini, hufanya hivyo pia.

Mwezi wa Ramadhani, dozi ya mdomo mchana inafunguza. Ulizeni kliniki mapema kama ina saa za baada ya futari, na muulizeni shehe mnayemwamini kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Msisubiri Shaabani iishe. Kuruka dozi siku kadhaa kisha kurudi kwenye dozi kamili ni hatari. Aliyekosa siku tatu mfululizo au zaidi lazima aangaliwe upya kabla ya kunywa.

Kisomo na maombi siyaweki kwenye mizani na dawa, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na vyote. Ninachokataa ni kumfungia mtu chumbani kwa jina la dua huku akiharisha bila maji, na kumwachisha methadoni kwa sababu aliyemwombea amesema keshapona.

Kabla hamjalipa soba

Nendeni mkaione nyumba wenyewe, bila miadi. Ulizeni muuguzi ni nani na anakuja lini, hasa siku za arosto. Ulizeni wanafanya nini mtu akipata degedege usiku. Kama ana VVU, TB au kisukari, dawa zake zitaendelea? Wapeni majina ya dawa zile muone kama wanazijua. Ulizeni wamewahi kufiwa na waliotoka, na wanawaandaa vipi watu kwa kutoka. Anayejibu swali hili kwa utulivu na kwa undani ana nyumba ya kuaminika zaidi kuliko anayewahakikishia kwamba wote wanapona.

Mkiona minyororo, mlango wa kufuli mchana, alama za fimbo, au dawa ya maji isiyo na jina wanayonyweshwa wote, ondokeni na mtu wenu. Wapo wazazi wanaokubali mtoto afungwe, na nimeona machozi yao wakieleza kwa nini. Lakini aliyefungwa ameacha kwa sababu ya mnyororo, na mnyororo ukifunguliwa tunarudi kwenye zile wiki za kwanza nilizozieleza. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja mwaka 2012 kutaka vituo vya kuwashikilia watu kwa nguvu vifungwe.

Kwa upande wa kliniki, ulizeni njia ya kuingia. Mara nyingi mtu hupitia kwanza asasi inayofanya kazi maskani, ambayo humwandaa, humsindikiza na kumfuatilia akipotea. Msiogope kwamba mtakamatwa kwa kufika. Kliniki ni sehemu ya hospitali na ina wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa. Mwekeni mtu mmoja wa familia mwenye subira awe ndiye wa kwenda naye wiki mbili za mwanzo, na nauli apewe huyo.

Wakati bado mnajadiliana, yeye anaendelea kutumia. Asitumie peke yake akiwa amejifungia. Sindano asishirikiane na mtu; asasi za maskani zinazotoa sindano safi zipo baadhi ya miji. Akikutwa anakoroma kwa mkoromo wa ajabu, midomo imekuwa ya bluu na haamki, mlazeni ubavu, mfungueni kinywa, mkimbizeni hospitali, na semeni wazi kwamba ni heroini ili apewe naloksoni, dawa inayorudisha pumzi kwa dakika chache. Maji ya kummwagia na maziwa ya kumnywesha hayamrudishii pumzi, na maziwa yanaweza kumpalia.

Kuulizia kituo kilicho karibu nanyi, Tanzania Bara pigeni 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kenya, pigeni 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, nayo ni bure. Unguja, nendeni moja kwa moja Kidongo Chekundu asubuhi, naye akiwepo.